Jinsi ya Kuchagua Chuo Kimoja kati ya Vitatu Bila Kumkosea Shangazi

Hongera, mdogo wangu. Jina lako limeonekana kwenye orodha ya Tume ya Vyuo Vikuu, tena si ile orodha ya kila mtu, bali ile nyingine, ya waliodahiliwa katika chuo zaidi ya kimoja. Vyuo vitatu vinakutaka kwa wakati mmoja. Hapa Tandika zamani aliyegombewa na watu watatu alikuwa binti wa kuposwa, naye hakuulizwa. Usije ukadhani wewe utaulizwa.

Tuseme umesoma HGL, yaani Historia, Jiografia na Kiingereza, na umefaulu vizuri. Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chenyewe, wamekupa Sosholojia. DUCE, pale Chang'ombe, wamekupa Ualimu wa masomo ya sanaa. UDOM, kule Dodoma, wamekupa Sheria. Una siku chache za kuthibitisha kimoja na kuviachia viwili, ili wenzako waliobaki nje nao wapate pa kuingilia. Ukikaa kimya, vyote vitatu vinakupita na utarudi kuomba awamu inayofuata, bega kwa bega na wale uliokuwa ukiwapa pole juzi kwa sauti ya juu kidogo.

Fuata maelekezo haya kwa utaratibu. Yakishindikana kuyafuata kwa utaratibu, yafuate hivyo hivyo.

Jua wa kulaumiwa

Kaka zako hawakuwa na mtihani huu. Kuanzia mwaka wa masomo 2010/11 kulikuwa na mfumo mmoja wa pamoja wa udahili. Mtu aliorodhesha machaguo yake, akabonyeza, akaenda kulala. Kompyuta ya Tume ikampeleka ilikompeleka, wakati mwingine mkoa ambao hakuwahi kuufikiria, kusoma kitu ambacho mama yake hakuweza kukitamka. Faida yake kubwa ilikuwa moja: ukoo mzima ulikuwa na mtu wa kumlaumu, naye alikuwa mbali na hapokei simu.

Aprili 2017 Rais John Magufuli, akizindua mabweni mapya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliiambia Tume iache kuwapangia vijana vyuo. Waombe wenyewe wanakotaka. Mwaka huohuo utaratibu ukabadilika. Tangu hapo mtu anaomba vyuo vitano, analipia maombi mara tano, anapokelewa kwenye vitatu, na lawama zote zinamwangukia yeye. Huo ndio uhuru, mdogo wangu. Karibu.

Wakongwe walikuwa na raha zaidi. Chuo cha Dar es Salaam kilipoanza Oktoba 1961, ndani ya jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, kilikuwa na wanafunzi 14 na kitivo kimoja tu, cha Sheria. Kabla ya hapo njia kuu ilikuwa Makerere, ambako Nyerere alikwenda mwaka 1943. Sikumbuki kusoma popote kwamba alikaa uani kwao Butiama akilinganisha hosteli. Leo Temeke peke yake ina DUCE Chang'ombe, Taasisi ya Uhasibu na Chuo cha Diplomasia kule Kurasini. Kinondoni wana Chuo Kikuu Huria pale Biafra na Kairuki pale Mikocheni. Zamani walikuwa nayo hata Mlimani, mpaka Wilaya ya Ubungo ilipomegwa mwaka 2016 ikaondoka nayo. Temeke nao walipoteza Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere kwa mtindo huohuo, Kigamboni ilipokuwa wilaya. Wazee wa kahawa waliokuwa wakibishana wilaya ipi ina wasomi wengi walilazimika kuanza hesabu upya, na hadi leo hawajamaliza.

Mheshimu kijana wa stesheneri

Ili uthibitishe unahitaji namba ya siri. Namba hiyo hutumwa kwenye simu au barua pepe iliyojazwa wakati wa kuomba. Hapo ndipo utakapokumbuka kwamba maombi hukuyajaza wewe. Wewe ulikuwa JKT kwa mujibu wa sheria, unakimbia mchakamchaka na kuimba. Aliyekwenda kujaza ni dada yako, na aliyebonyeza vitufe ni kijana wa stesheneri ya karibu na soko la Tandika. Kwa kuwa dada hakujua barua pepe yako, na wewe mwenyewe ulishasahau neno la siri, kijana akaweka barua pepe ya kwake. Kwenye nafasi ya simu akaweka laini ya dada, ile ambayo imefungwa kwa deni la kukopa salio.

Kwa hiyo leo, kati yako na elimu ya juu ya Tanzania, amesimama kijana mmoja mwenye mashine ya kutoa kopi, anayetunza barua pepe za nusu ya wahitimu wa kata. Usimwendee mikono mitupu. Nunua bahasha mbili za kaki hata kama huna cha kutia ndani. Mwite bosi. Ukimkuta na foleni, panga foleni. Usimwambie "fanya haraka" kwa sababu atakwambia mtandao uko chini, na mtandao utakuwa chini kweli mpaka utakapoomba radhi.

Akishakupa namba, badilisha barua pepe na simu kwenye akaunti zako zote, uweke za kwako, siku hiyohiyo. Vyuo vingi vinakuruhusu kuomba namba itumwe upya ukiingia kwenye akaunti yako mwenyewe. Jambo hili ni dogo, na ndilo pekee katika mwongozo huu ambalo ukikosea hakuna mjomba atakayekuokoa.

Hudhuria kikao

Kikao cha ukoo kitafanyika kwa shangazi, Kinondoni Mkwajuni, Jumapili baada ya chakula cha mchana. Sababu rasmi ni kwamba shangazi ndiye mkubwa. Sababu ya kweli ni kwamba ndiye mwenye sebule inayotosha viti. Utatoka Tandika na mama, mtapanda daladala mbili, na njiani mama hatazungumza lolote kuhusu chuo. Ukimya wake usiupuuze. Tutaurudia.

Ukifika, toa shikamoo kwa kila mtu, pamoja na jirani ambaye hakualikwa ila amekuja kurudisha kibakuli. Kaa kwenye stuli, si kwenye kochi. Simu iweke mfukoni. Ukiulizwa unaonaje, jibu moja tu linaruhusiwa: "Mimi nawasikiliza ninyi wakubwa zangu." Sentensi hii haina kitu ndani, na ndiyo sababu imedumu.

Shangazi ataanza. Shangazi anataka Mlimani, na ana ushahidi. Atafungua kabati la vyombo, atoe noti ya zamani ya shilingi 500, akuonyeshe nyuma yake: Ukumbi wa Nkrumah. "Chuo kipi kingine kipo kwenye hela?" Swali zuri. Usimkumbushe kwamba hata noti yenyewe imebadilishwa kuwa sarafu tangu mwaka 2014, na kwenye sarafu kuna nyati. Shangazi ana ukuta mtupu pale juu ya televisheni ulioachwa makusudi kwa ajili ya picha yako umevaa joho, na picha hiyo katika mawazo yake nyuma ina Nkrumah. Sosholojia ni nini hataki kujua. Akiulizwa na majirani atasema unasomea "mambo ya jamii", nao watadhani utakuwa afisa maendeleo, nao watakuwa hawako mbali sana.

(Kwa usalama wako, usilitaje jina la Chuo Kikuu Huria mbele yake. Kilianzishwa kwa sheria mwaka 1992, makao yake makuu yako Biafra, naye hupita mbele ya geti lake kila akienda kununua samaki. Lakini kwa kuwa haoni wanafunzi wakizurura nje na mafaili, hajawahi kukubali kwamba mle ndani kuna chuo. Waliosoma humo usiku baada ya kazi, wakapandishwa vyeo, shangazi anawaita "wale waliojiendeleza".)

Baba mdogo anataka Sheria, Dodoma. Atazungumza kwa muda mrefu juu ya heshima ya wakili katika jamii. Usihangaike kufuatilia hoja. Subiri afike Chamazi. Ana kiwanja Chamazi, kina mgogoro, na faili liko Baraza la Ardhi na Nyumba tangu ukiwa shule ya msingi. Mwanasheria wa ukoo hatadai malipo. Hesabu yake ina kasoro ndogo: ukimaliza shahada bado unatakiwa kupita Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo ndipo uwe wakili, na matokeo ya huko yaliyotangazwa mwaka 2022 yaliishtua nchi nzima. Kati ya wanafunzi 633, waliofaulu kwa mkupuo ule walikuwa 26. Kukaundwa mpaka kamati ya kuchunguza. Mpaka wewe uvuke huko, Chamazi patakuwa pameshajengwa ghorofa, na baba mdogo atakuwa shahidi upande wa mdaiwa.

Mjomba ni fundi wa kuchomelea mageti, Mtoni kwa Azizi Ali. Yeye atasema VETA. VETA Chang'ombe, umeme au uchomeleaji, miaka michache, mkono unajua kazi. Atasema wenye digrii wamefika kwake kuomba kibarua cha kupiga msasa, na kwamba aliwapa, maana na wao wana njaa. Sebule nzima itacheka. Shangazi atamwambia asimvunje mtoto moyo. Hakuna atakayegundua kwamba mjomba ndiye mtu pekee kwenye kikao aliyeuliza utakula nini baada ya kumaliza. Soda za kikao zitakuwa zimenunuliwa na mjomba.

Mama atakuwa wa mwisho. Atasema, "Popote Mungu atakapojalia." Ujue keshamwomba ajalie Chang'ombe. Hataki ulale mbali. Anajua bei ya chumba, anajua bei ya unga, na anajua jinsi unavyoumwa tumbo ukila nje. Hatakwambia, kwa sababu anaogopa siku moja utasema yeye ndiye aliyekuzuia kwenda Mlimani.

Tumia siri ya Chang'ombe

Hapa pana jambo ambalo kikao chenye watu wazima saba kinaweza kulikosa kwa saa tatu. DUCE, yaani Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam, kilianzishwa mwaka 2005 kama sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Shahada ya Chang'ombe hutolewa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kile kilekile cha kwenye noti. Vivyo hivyo kwa ndugu yake wa Iringa, MUCE wa Mkwawa.

Kwa hiyo ukichagua Chang'ombe, shangazi anaweza kuambiwa kwa ulimi usio na chembe ya uongo kwamba umechagua Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Taja jina lililo kwenye cheti, usitaje kituo cha daladala. Picha ya Nkrumah mtakwenda kuipiga siku nyingine. Hakuna anayekagua vitambulisho kwa mtu aliyevaa joho.

Chang'ombe ina kasoro zake, nisizifiche. Jirani yake ni viwanja viwili vya mpira, Uhuru na ule mkubwa wa Benjamin Mkapa unaochukua watu 60,000. Siku ya Simba na Yanga usipange kujisomea. Usipange hata kutoka. Lakini kama ni Sosholojia unaililia, nenda nje ukaiangalie bure, yote ipo pale getini.

Waulize Bodi, kwa sababu Bodi ndiyo mzazi

Mpaka sasa tumezungumza kana kwamba anayelipa yuko sebuleni. Hayupo. Anayelipa ni Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi Julai 2005, na kwa kijana wa Tandika au Mwananyamala huyo ndiye mwanaukoo mwenye kura ya turufu. Ameshakujua vizuri kuliko baba mdogo: cheti chako cha kuzaliwa kimehakikiwa RITA, fomu yako imegongwa muhuri na serikali ya mtaa na wakili. Mwenyekiti wa mtaa alipokuwa akisaini alikuuliza maswali ambayo hata daktari haulizi.

Bodi huangalia uhitaji wako na huangalia pia kozi. Fedha hazitoshi wote, na kozi hazipewi uzito sawa. Ualimu wa Sayansi, Tiba na Uhandisi zimekuwa zikitangulia mbele ya zetu sisi wa HGL. Wawili waliokulia uani mmoja, wakinywa maji ya bomba moja, wanaweza kupangiwa viwango tofauti kabisa, na uani huo hautakuwa na amani tena. Kwa hiyo kabla hujaanza kuota joho, andika kwenye karatasi ada ya kila chuo, kisha andika chini yake swali hili: nikipewa nusu tu ya ada, nusu nyingine inatoka kwa nani, kwa jina? Usiandike "familia". Familia haina namba ya simu. Ukiona jina linalojitokeza mara zote tatu ni la mjomba wa Mtoni, mpigie, umwombe radhi kwa vile ulivyocheka.

Halafu kuna bumu. Fedha ya chakula na malazi ilikuwa 8,500 kwa siku, ikapandishwa kuwa 10,000 mwaka 2022. Kwa siku 60 ni laki 6, zinazoingia kwa mkupuo kwenye akaunti ya mtu ambaye hajawahi kushika laki moja. Siku hiyo utagundua kwamba ukoo wako ni mpana. Baba mdogo atajua tarehe ya bumu kabla ya Bodi kuitangaza, na mgogoro wa Chamazi utahitaji nauli ya haraka. Hapo ndipo Dodoma inapopata alama ambazo shangazi hakuzihesabu: mkopaji wa mbali hupiga simu, na simu huweza kukosa chaji.

Ukija kuajiriwa, asilimia 15 ya mshahara itakatwa kila mwezi mpaka deni liishe. Kwa hiyo unapochagua chuo leo unachagua pia ukubwa wa deni hilo. Jambo hilo halikuzungumzwa kwenye kikao kwa sababu lilikuja pilau.

Pima kitanda kwanza, maktaba baadaye

Kila chuo kitakuonyesha picha ya maktaba. Mlimani wana kubwa, iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2018, na ni kweli inapendeza. Wewe uliza kitanda.

Yale mabweni ya Magufuli ni majengo 20 yenye nafasi 3,840. Wanafunzi wa Mlimani ni wengi kuliko hapo mara kadhaa. Ongeza hosteli za Mabibo, ongeza kumbi za zamani, bado kuna watakaobaki nje, na kati yao kuna watakaobebana, wawili kitanda kimoja, mmoja kichwa huku na mwingine kule, wakimwogopa mlinzi kuliko mtihani. Wengine watatafuta geto Changanyikeni au Sinza, ambako mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mbele na hataki kusikia habari ya Bodi. Atakwambia Bodi si mpangaji wake.

Unaweza pia kulala nyumbani Tandika na kwenda Mlimani kila siku. Kuna kipindi cha saa moja asubuhi. Utaamka saa kumi, utapanda ya kupita Barabara ya Mandela, utasimama Buguruni, utasimama Tabata, utasimama Ubungo, kisha utatafuta ya kuingia chuo. Utafika umeshachoka kama mtu aliyemaliza siku, ukae kwenye ngazi za ukumbi kwa sababu viti vimeisha, umsikilize mhadhiri akieleza matatizo ya usafiri katika miji inayokua.

Tandika hadi Chang'ombe ukikosa nauli unatembea. Sitasema zaidi.

Dodoma nayo siku hizi si mbali kama mama anavyoamini. Tangu 2024 kuna treni ya SGR. Unapanda asubuhi na mchana uko kule. Chuo chenyewe kilianzishwa mwaka 2007 kikapewa eneo kubwa mno, kiasi kwamba kutoka ndaki moja hadi nyingine nako ni safari. Utahitaji viatu vizuri na koti, maana usiku kuna upepo ambao mtoto wa pwani hakuzaliwa nao. Lakini vyumba ni vya bei ya chini kuliko Sinza, na utajifunza kupika. Kijana aliyelelewa na mama mmoja, shangazi wawili na dada watatu anahitaji kupika hata kabla ya kuhitaji digrii.

Kozi, kwa ufupi

Watu hutumia siku nyingi kwenye jina la chuo na dakika moja kwenye kozi. Mwongozo huu nao umeshafanya hivyo, kwa hiyo tufidie. Fungua kitabu cha mwongozo wa udahili cha Tume, kipo bure mtandaoni, uhakikishe kozi yako imo na chuo chako kimo. Usidhani hii ni tahadhari ya bure: mwaka 2017 Tume ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, na wapo waliokuwa wameshanunua ndoo na godoro.

Kisha mtafute mtu mmoja aliyemaliza kozi hiyo miaka miwili iliyopita. Mmoja anatosha, ila awe ni huyo, asiwe mtoto wa jirani wa rafiki yake. Muulize leo asubuhi ameamkia kazi gani. Wa Ualimu atakwambia kwamba siku hizi mwalimu naye anaomba ajira mtandaoni na kufanyiwa usaili, na wanaoitwa ni wengi kuliko nafasi; lakini pia atakwambia anafundisha shule binafsi huko Mbagala na ana wanafunzi wa jioni. Wa Sosholojia atakuwa kwenye shirika fulani kwa mkataba wa miezi mitatu, akijaza dodoso za watu waliochoka kuhojiwa. Wa Sheria atakuwa amevaa suti nzuri kuliko wote. Usimuulize mshahara, utamwaibisha.

Ukiniuliza mimi, na hukuniuliza, kwa kijana wa Tandika mwenye mkopo usiotimia, asiye na kitanda Mlimani na asiyekerwa na watoto, Chang'ombe inashinda bila jasho. Asiyeweza kusimama mbele ya darasa la watoto themanini asiende hata kama ni karibu. Atawaumiza watoto themanini kwa ajili ya nauli. Huyo apande treni. Na anayekwenda Mlimani aende kwa sababu Sosholojia ameisoma akaipenda, si kwa sababu ya noti ambayo haipo tena mfukoni mwa mtu.

Kutangaza matokeo

Ukishachagua, kuna walioshindwa kikaoni, nao watakaa kimya kwa uchungu. Walipe. Baba mdogo mwambie Ualimu una somo la sheria za elimu, atatulia. Shangazi tumeshamtibu. Mjomba mpelekee mkataba wake: likizo ndefu utashinda gereji ukijifunza kuchomelea. Usimdanganye, nenda kweli. Mama usimwambie kitu. Kaa tu mezani ule.

Jirani mwenye kibakuli atauliza kwa nini umeacha vyuo viwili "vizuri vile". Mwambie umewaachia wanawe.

Jambo la mwisho ni la kalenda. Dirisha la kuthibitisha linafungwa Jumamosi saa sita usiku. Kikao cha shangazi ni Jumapili. Thibitisha Alhamisi, mtandao ukiwa bado mwepesi, chukua picha ya ukurasa unaoonyesha umethibitisha, kisha Jumapili vaa shati safi uende Mkwajuni ukasikilize ushauri.